Fedha Taslimu za Nyumbani: Somo kutoka Ugalla

Somo hili linawahusu watumishi wa Serikali na wananchi wenye kipato cha wastani, yaani wale ambao mwisho wa mwezi hupokea mshahara au faida ya biashara ndogo, nao hulazimika kuamua kila mara ni kiasi gani kiachwe benki, kiasi gani kikae katika simu, na kiasi gani kiwe noti mkononi, ndani ya nyumba. Ni jambo ambalo halizungumzwi hadharani. Mtu hutaja bei ya ng'ombe wake, hutaja hata mshahara wake akibanwa, lakini hamwelezi jirani kilichomo ndani ya sanduku lake. Kwa sababu hiyo kila kaya imejifunza peke yake, na mara nyingi imejifunza baada ya hasara.

Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Ugalla, katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa. Msomaji wa Unguja au Pemba, ambaye kituo cha benki kwake kinafikika kwa daladala, anaweza kuuliza kwa nini apelekwe mbali hivyo. Jawabu ni kwamba katika nchi ya miombo, ambako mto Ugalla huelekea Malagarasi na vijiji vimetengana kwa mapori, kila gharama ya kuwa na fedha na kila gharama ya kutokuwa nazo huonekana waziwazi. Kisiwani gharama hizo zipo pia, ila zimejificha mpaka siku umeme unapokatika.

Kaya zinazozungumziwa

Kaya ya kipato cha wastani kijijini si kaya ya tajiri. Ni kaya ya mwalimu wa skuli ya msingi, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, mtendaji wa kata, karani wa chama cha msingi cha tumbaku, mwenye duka la rejareja, au mwenye mashine ya kusaga. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma wa Serikali ya Muungano kilikuwa Sh. 370,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2025 kikapandishwa kuwa Sh. 500,000. Wengi wa waliotajwa wako juu ya kiwango hicho, si kwa mbali sana. Aghalabu kaya hiyo huwa na shamba la mahindi, kuku kadhaa, na mizinga ya nyuki kwa wenye asili ya hapo, kwa kuwa asali na nta ni mazao ya kale ya Ugalla kuliko tumbaku.

Mapato ya kaya hizi hayaji kwa mwendo mmoja. Mshahara huja kila mwezi, tumbaku hulipwa mara moja kwa mwaka baada ya masoko ya kiangazi, na asali huuzwa katika msimu wake. Dukani fedha huingia kwa shilingi mia mia kila siku, kisha zikatoka zote siku moja kwenda kununua bidhaa Mpanda mjini. Kwa hiyo ukiuliza kaya ya mwalimu na kaya ya mwenye duka zina kiasi gani leo, utapata majibu yaliyo mbali kabisa, ingawa kwa mwaka mzima mapato yao yanakaribiana. Mwalimu huwa na noti nyingi tarehe za mwisho wa mwezi na karibu hana kitu tarehe 20. Mwenye duka huwa na nyingi usiku wa kuamkia safari. Wezi wanazifahamu tarehe hizo vizuri kuliko mtu yeyote.

Hesabu ya safari

Mwaka 1952 mwanauchumi wa Marekani, William Baumol, aliandika kwamba kuweka fedha mkononi kunafanana na kuweka bidhaa ghalani. Mwenye duka haagizi sukari kilo moja moja, kwa sababu kila safari ina gharama. Wala haagizi ya mwaka mzima, kwa sababu sukari itaganda na mtaji utalala. Miaka minne baadaye James Tobin, naye wa Marekani, alifikia hoja inayokaribiana nayo. Kanuni yao ni rahisi kwa mwalimu wa hesabu: gharama ya safari moja ya kuchukua fedha izidishwe kwa matumizi ya kipindi, kisha izidishwe kwa 2, igawanywe kwa hasara ya kukaa na fedha katika kipindi hicho, na jawabu litafutiwe kipeuo cha pili. Kinachopatikana ndicho kiasi cha kuchukua kila safari. Na kwa kuwa kiasi hicho hupungua polepole hadi kwisha, wastani wa fedha zilizomo nyumbani ni nusu yake.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kaya inayotumia Sh. 600,000 kwa mwezi. Safari ya kwenda mjini na kurudi, pamoja na nauli, chakula cha njiani na makato, iwe Sh. 10,000. Hasara ya kukaa na fedha nyumbani, kwa maana ya kupungua thamani, kukosa faida, hatari ya wizi na moto, na kutumika bila mpango, ikadiriwe kuwa 1 kwa mia kwa mwezi. Jawabu la kanuni ni kiasi cha Sh. 1,095,000. Kiasi hicho kinazidi matumizi yote ya mwezi! Maana yake ni kwamba kaya hiyo haina sababu ya kwenda benki zaidi ya mara moja: itachukua mshahara wote siku moja na kurudi nao nyumbani. Basi yule mwalimu anayelaumiwa na maofisa wa mjini kwamba hana tabia ya benki, kwamba anafuta akaunti yake kila mwezi kama mtu asiyeelimika, amefanya hesabu sawasawa na maprofesa wa Marekani.

Sasa ichukuliwe kaya ileile, lakini kijijini kumefunguliwa kibanda cha wakala, na gharama ya kutoa fedha imeshuka hadi Sh. 1,000. Jawabu linakuwa kiasi cha Sh. 346,000 kwa kila mara, na wastani wa fedha zilizomo nyumbani unashuka hadi Sh. 173,000. Gharama imepungua mara kumi, lakini jawabu la kanuni limepungua mara tatu tu na kidogo. Hiyo ndiyo tabia ya kipeuo cha pili, na inaeleza kwa nini simu, pamoja na kuenea kwake kote, hazikuziondoa noti chini ya godoro.

Njia ya fedha kufika Ugalla

Wazee wa magharibi ya Tanganyika hawakuzaliwa na shilingi. Wapagazi waliochukua mizigo baina ya Ujiji, Tabora na pwani walirudi makwao na nguo, shanga na majembe, na hiyo ndiyo ilikuwa akiba. Kodi ya nyumba iliyowekwa na Wajerumani iliwalazimisha watu kutafuta rupia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli zilipokatizwa kuleta sarafu kutoka Ujerumani, serikali ya kikoloni ilichapa noti za dharura hapahapa nchini, na mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huohuo Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji. Sarafu ya tembo leo hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei kubwa. Noti za dharura hazikuwa na bahati hiyo. Aliyezificha alificha karatasi.

Baada ya Vita vya Pili kulijengwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita zipatazo 210, linalovuka mto Ugalla, kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Mgodi ulileta mshahara wa mwezi mahali ambapo mwezi haukuwahi kuwa na maana ya fedha. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Kwa miaka mingi treni hiyo ndiyo iliyobeba abiria, mahindi, asali na tumbaku, pamoja na bahasha zilizoshonwa ndani ya nguo.

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango Juni 1966, na mabenki ya biashara yakataifishwa Februari 1967. Kwa miongo mitatu tawi la Benki ya Taifa ya Biashara makao makuu ya wilaya ndilo lililokuwa benki, na zaidi ya hapo palikuwa na posta. Wakati huo mtumishi wa kijijini aliacha kazi siku mbili tatu kila mwezi kufuata mshahara, na wanafunzi walijua kwamba wiki hiyo hakuna somo. Mwaka 1983 ilipoanza kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi, mtu mwenye kiasi kikubwa cha fedha ndani ya nyumba aliweza kutakiwa aeleze zilikotoka. Wengi walijifunza kutoka mwaka huo kwamba fedha za nyumbani zisionekane. Walioishi miaka hiyo ya bei kupanda kwa kiasi cha 30 kwa mia kwa mwaka walijifunza pia kwamba afadhali kuwa na mabati, mbuzi au gunia la chumvi. Mafunzo yote mawili yangali yakifuatwa na watoto wao, ingawa mfumuko wa bei katika miaka ya karibuni umekuwa kiasi cha 3 kwa mia tu kwa mwaka.

Kuhofia benki nako kuna sababu zake. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa wakati mmoja, kati yake ikiwamo Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Wakulima Kagera. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilimhakikishia mwenye akiba malipo yasiyozidi Sh. 1,500,000. Kiwango hicho kimekwisha kupandishwa hadi Sh. 7,500,000, na ni vyema kila mwenye akaunti akijue, kwa maana akiba ya kaya nyingi za wastani imo ndani ya kinga hiyo kikamilifu. Sanduku la nyumbani halina bima ya namna yoyote.

Panya, mchwa, moto na ndugu

Husemwa kwamba akiba haiozi. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuzika kopo la noti katika udongo wa Ugalla. Mchwa wa miombo hupita katika ukuta wa tofali mbichi na kula karatasi usiku mmoja. Panya hulipenda pamba lililomo ndani ya noti. Na nyumba ya nyasi ikishika moto katika upepo wa Agosti hakuna muda wa kutafuta mto wa kulalia. Noti iliyoungua au kutafunwa hupelekwa benki ikachunguzwa kwa masharti ya Benki Kuu, lakini kilichobaki majivu hakichunguziki. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, au kopo la bati la maziwa ya unga, ni bora kuliko mfuko wa nailoni, ambao hutoa jasho na kuzigandisha noti.

Wizi ni hatari ya pili. Katika miaka ya 1990 ujambazi wa kutumia silaha uliisumbua mikoa ya magharibi, na wenye maduka na viongozi wa vyama vya msingi ndio waliolengwa, kwa sababu ilijulikana kwamba malipo ya tumbaku yalikuwa yakigawanywa kwa noti. Kuhamishiwa malipo hayo katika akaunti za wakulima kumepunguza mabunda ghalani. Hakukuondoa ile siku ya pili yake, wakulima wanaporudi kutoka mjini kwa basi moja, na kila aliyemo ndani anajua wenzake wamebeba nini.

Hatari ya tatu haivunji mlango, hupiga hodi. Ndugu, jirani na mwanakijiji mwenzake mtumishi huja na shida ya kweli: mtoto anahitaji sare, mke amelazwa, msiba umetokea. Mwenye mshahara hawezi kusema hana wakati noti zimo kabatini, na akisema, uongo wake hujulikana. Lakini akisema "Zimo benki, ndugu yangu, subiri nikienda mjini", amesema kweli na heshima ya pande zote mbili imelindwa. Kwa wengi hiyo ndiyo faida kubwa ya benki, kuliko riba.

Jambo hili lilichunguzwa magharibi ya Kenya na Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliochapisha matokeo yao mwaka 2013. Waliwagawia wanachama wa vikundi vya upatu visanduku vya bati vyenye kufuli na tundu la kutumbukizia fedha, kwa ajili ya matumizi ya afya. Wale waliopewa kisanduku pamoja na ufunguo wake waliongeza matumizi ya kinga ya maradhi kwa kiasi cha 66 kwa mia. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake ulikaa kwa mtu mwingine. Kwao ongezeko hilo halikuonekana. Watu hawakuhitaji kufungiwa fedha zao, bali walihitaji mahali palipotajwa jina, ili wao wenyewe na ndugu zao wajue kwamba hizi ni za dawa. Kibubu cha udongo kilikuwa na akili hiyohiyo kabla ya wataalamu.

Ndivyo pia lilivyo sanduku la VICOBA, lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu walio tofauti na mtunza sanduku. Mpango huo ulitokana na vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na visiwani uliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vijiji vya jirani na msitu wa Jozani. Kwa Tanzania Bara vikundi hivyo sasa vinatakiwa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Simu, na mipaka ya simu

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikafuatwa na kampuni nyingine. Uchunguzi wa FinScope ulionesha kwamba watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha nchini walikuwa 65 kwa mia mwaka 2017 na 76 kwa mia mwaka 2023, na nyingi ya huduma hizo ni za simu. Faida yake kwa kaya zilizo mbali haina shaka. Nchini Kenya, William Jack na Tavneet Suri walionesha katika makala yao ya mwaka 2014 kwamba kaya zisizotumia M-Pesa, zikipatwa na ugonjwa au kuharibikiwa na mavuno, zilipunguza matumizi kwa kiasi cha 7 kwa mia, ilhali watumiaji hawakulazimika kupunguza, kwa kuwa walitumiwa fedha na ndugu wa mbali.

Hata hivyo salio la simu si fedha taslimu mpaka apatikane mtu wa kulibadilisha. Wakala wa kijijini naye ni kaya ya kipato cha wastani yenye tatizo lilelile la kuamua abaki na noti kiasi gani. Mwisho wa mwezi walimu wote humjia siku moja wakitaka kutoa, na noti zake humalizika kabla ya adhuhuri. Katika msimu wa mauzo mambo hugeuka: kila mtu anataka kuweka, na floti ndiyo inayokwisha. Ndiyo sababu mazungumzo kama haya husikika katika vibanda vingi: "Shikamoo mwalimu. Leo sina kitu, labda ukipata elfu hamsini nikupe, nyingine uje kesho." Kesho hiyo inavumilika iwapo ni fedha za saruji. Haivumiliki ikiwa ni saa tano za usiku, mama mjamzito ameandikiwa rufaa kwenda Mpanda, na mwenye gari anataka mafuta kwanza.

Sera za kodi nazo hugusa sanduku la nyumbani. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kwa viwango vya kuanzia Sh. 10 hadi Sh. 10,000 kwa muamala, watu wengi walirudi kutumiana fedha kwa mkono wa msafiri. Ilipunguzwa kwa 30 kwa mia Septemba mwaka huo na ikaendelea kupunguzwa mwaka 2022. Kwa lugha ya kanuni iliyoelezwa hapo juu, gharama ya safari ilipandishwa, na wananchi wakaongeza ghala.

Umeme na mawasiliano ndiyo mipaka ya mwisho. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya Taifa, na watu wake walizoea kukadiria kwamba mtambo wa fedha unaweza kulala. Wakaazi wa Unguja walilijua jambo hilo kwa uchungu kuanzia Mei hadi Juni 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme wa waya wa baharini. Mei 2024 kukatika kwa nyaya za mawasiliano chini ya bahari kulidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Nchi zilizoendelea nazo zimeanza kuliona hilo: Mei 2025 Benki Kuu ya Uholanzi, nchi ambayo karibu kila kitu hulipwa kwa kadi, iliwashauri wananchi wake waweke nyumbani yuro 70 kwa kila mtu mzima na yuro 30 kwa kila mtoto, zitakazotosha saa 72.

Noti za zamani

Wapo walioweka nyumbani si kwa ajili ya wiki, bali kwa miaka. Hao walipata mtihani mwaka 2025. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti zilizotolewa baina ya mwaka 1985 na 2003, za Sh. 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, pamoja na noti ya Sh. 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na kwamba baada ya hapo hazitakuwa malipo halali. Miezi hiyo mitatu ni kiini cha mvua katika Katavi, wakati njia za vijijini huwa matope na mzee wa kutoka mbali hupewa sababu tosha ya kusema atakwenda mvua zikipungua.

Mashariki ya Afrika imekwisha kuona hali ngumu kuliko hiyo. Zaire, Desemba 1979, ilifuta ghafla noti za zaire 5 na 10 na kuweka kikomo cha kiasi ambacho mtu angeweza kubadilisha. Uganda, Mei 1987, iliondoa sifuri mbili katika shilingi yake na kukata kodi ya 30 kwa mia katika ubadilishaji. Kenya iliwapa watu hadi tarehe 30 Septemba 2019 kurudisha noti za zamani za Sh. 1,000. Ubadilishaji wa Tanzania haukukata kitu: noti ilibadilishwa kwa thamani yake kamili. Hasara ilikuwa imeshatokea kabla, kimyakimya. Noti ya Sh. 10,000 iliyofungiwa sandukuni mwaka 2003 ingenunua wakati huo karibu dola 10 za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa haifiki dola 4 na nusu.

Kukadiria kiasi kinachofaa

Kwa kaya iliyo mbali na benki, hesabu ianze na dharura, wala si na mshahara. Iulizwe: usiku wa leo mmoja wetu akiandikiwa rufaa, ni shilingi ngapi zitahitajika mkononi kabla ya jua kuchomoza? Mafuta au nauli ya kukodi, dawa za kuanzia, chakula cha mgonjwa na anayemuuguza kwa siku mbili. Hicho ndicho kiwango cha chini, nacho kisiguswe kwa harusi wala kwa karo. Juu yake iongezwe wiki moja ya sokoni, kwa kuwa muuza dagaa na muuza mboga hawapokei kadi. Ikiwa gari na nauli ya usiku huo ni Sh. 80,000, dawa na chakula Sh. 40,000, na soko la wiki Sh. 60,000, kaya itakuwa salama kwa Sh. 180,000, na ni jambo la kuangaliwa kwamba kiasi hicho kinakaribia sana wastani uliotolewa na kanuni kwa kaya yenye wakala karibu. Kinachozidi hapo kinalala bure. Kaya isiyo na wakala itazidisha, na mwenye duka atahesabu mtaji wake kando, katika kopo jingine.

Kiasi hicho kisiwe noti za Sh. 10,000 tupu. Usiku hakuna chenji, na mwenye pikipiki anayedai Sh. 7,000 atachukua noti nzima. Noti za Sh. 1,000 na 2,000, pamoja na sarafu za Sh. 500 zilizoanza kutolewa mwaka 2014, ndizo zinazookoa. Kwa mwaka pia kiwango kibadilike: kipandishwe kidogo mwezi wa Novemba kabla njia hazijaharibika, kishushwe baada ya Mei njia zikikauka. Kwa kaya za visiwani majira ya kuzingatiwa ni yale ya pepo kali, ambapo vyombo baina ya Unguja na Pemba huahirisha safari.

Mahali zilipowekwa fedha pajulikane na watu wazima wawili. Mume anayeficha mke wake asijue, au mke anayefunga katika pindo la khanga asimwambie mtu, huwa amelinda fedha hiyo dhidi ya matumizi, na huwa pia ameiondoa nyumbani siku atakayopoteza fahamu. Katika kaya za mke zaidi ya mmoja, kila nyumba iwe na akiba yake ya usiku, kwa maana mgonjwa hachagui zamu. Aidha, mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, kopo lifunguliwe mchana, noti zihesabiwe na kuanikwa kivulini, zilizochakaa zipelekwe benki, na zilizo za toleo la zamani zitumiwe kwanza.